Mpaka Uliokaa Kilosa

Basi la Iringa likishaiacha Morogoro na kuingia uwanda wa Mkata, abiria hukata mazungumzo na kugeukia madirishani. Barabara kuu hapa inapasua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na kila mtu anataka awe wa kwanza kusema, "Twiga yule!" Dereva anapunguza mwendo kwa kuogopa faini ya kugonga mnyama. Pundamilia, nyati, swala, na siku ya bahati tembo mmoja aliyesimama kando ya lami kama anasubiri nauli yake. Kitambo kidogo uwanda umekwisha, milima inasogea, na watu wanarudi kwenye simu zao.

Mwaka 1871 uwanda huu haukupitika kirahisi namna hiyo. Henry Morton Stanley, akiwa safarini kumtafuta Dakta Livingstone, aliuvuka wakati wa masika, kaskazini ya barabara ya leo, na akauandika kwa chuki ya mtu aliyezama matopeni mpaka magotini siku baada ya siku. Punda walikwama, wapagazi wakaugua, na yeye mwenyewe akashikwa na tumbo la kuhara damu. Alipouona mwinuko wa milima ya Usagara upande wa magharibi alishukuru. Wapagazi waliomtangulia kwa miaka mingi, wakibeba pembe kuteremka pwani na merikani, kaniki na shanga kupanda bara, walikuwa wakishukuru vivyo hivyo, ila hao hawakuandika kitabu.

Milima ile inasimama kama ukuta. Katika ukuta huo mto Mkondoa umejichongea njia. Unashuka kutoka nyanda kavu za upande wa Mpwapwa, unapinda pinda kati ya vilima, kisha unatokea tambarare pale ulipo mji wa Kilosa na kwenda kuungana na maji ya Wami. Atokaye Bagamoyo akielekea Ugogo, Unyanyembe na Ujiji alikuwa na njia chache za kuupita ukuta ule, na bonde la Mkondoa lilikuwa mojawapo ya zilizo bora: lina maji, lina kivuli, lina vijiji vya Wasagara vyenye chakula cha kuuza. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley baada yao, na reli baada yao wote.

Mlango wa namna hiyo hauachwi bila bawabu. Ndiyo maana katika muda wa miaka isiyozidi 60 nchi hii iliyo kati ya Morogoro na Mpwapwa, Kilosa ikiwa katikati, iliona ngome za kila aina zikijengwa na kuanguka.

Tuanze na ile ya Morogoro, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya fahari kuliko zote. Aliyeijenga ni Kisabengo, Mzigua aliyejipatia nguvu kwa mabavu na utekaji wa watu, akakusanya wafuasi na watoro, akaweka mji chini ya milima ya Uluguru. Alipokufa, mji ukawa mikononi mwa binti yake, Simbamwene, na wasafiri wakauita mji kwa jina la mama huyo. Stanley alipofika alistaajabu. Aliona mji wa mraba, umezungushiwa ukuta, una mnara wa mawe kila pembe, na malango manne, kila moja likielekea upande wake wa dunia, yenye milango ya mbao ngumu iliyonakshiwa kama milango ya Unguja. Alikadiria watu 3,000, pengine hata 5,000. Simbamwene alitoza hongo bila aibu, na baadhi ya watu wa Stanley waliotumwa kurudi nyuma walijikuta wamefungwa minyororo mjini kwake mpaka Mwarabu mmoja wa msafara alipoingilia kati.

Mraba, minara minne pembeni, malango manne: ukimwonyesha ramani hiyo mtaalamu wa mambo ya kale wa Ulaya bila kumwambia inatoka wapi, atakwambia ni ngome ya Kirumi. Warumi walijenga za namna hiyo kwa mamia kwenye mipaka ya dola yao, tangu Uingereza hadi Syria, na malango yao pia yalikuwa manne. Kisabengo hakuwaiga Warumi. Wala Warumi wenyewe hawakukaribia Kilosa. Biashara yao ilifika pwani tu, kwenye soko la Rhapta linalotajwa na kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, na shanga za kioo za ulimwengu wao zimeokotwa upande wa delta ya Rufiji. Mraba unatokana na hesabu ya mlinzi. Ukuta ulionyooka unalindwa na watu wachache wakisimama kwenye pembe, na mtu mwenye maadui pande zote nne anahitaji kutokea upande wowote.

Ukuta wa Simbamwene haukuangushwa na jeshi. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu, mvua zikaenda mpaka bara, mto wa Morogoro ukafura. Stanley aliporudi akiteremka pwani mwaka huohuo alikuta upande mzima wa mbele wa ngome umechukuliwa na maji pamoja na nyumba kadhaa. Tutakutana tena na maji katika habari hii.

Ngome zilizofuata zilikuwa ndogo na za kimyakimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyekuwa akiona Wazungu wakiongezeka kwenye njia yake ya misafara, alimtuma kamanda wake Mwingereza, Lloyd Mathews, na askari wakaweka kituo Mamboya, katika milima ya Ukaguru kaskazini ya Kilosa. Wakati huohuo Wafaransa, kwa jina la chama cha kimataifa alichokianzisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walijenga kituo Kondoa, jirani na Kilosa, chini ya Kapteni Bloyet. (Hii si Kondoa ya Irangi. Wajerumani walilazimika baadaye kuandika "Kondoa-Irangi" ili barua zisipotee.) Kituo cha Bloyet kilisemekana ni cha elimu na cha kuwahifadhi wasafiri. Ngome nyingi huanza kwa sababu nzuri kama hizo.

Halafu akaja Carl Peters.

Kila Tanzania inapozuka kelele juu ya mkataba mbaya, uwe wa madini, bandari au umeme, jina moja huibuka bungeni, magazetini na vijiweni: Mangungo. "Hawa ni akina Mangungo wa leo." Mtoto wa darasa la sita anamjua. Wachache wanajua kwamba Msowero, kijiji alichotawala, iko palepale ilipo, katika wilaya ya Kilosa, na watu wake wanalima na kuuza mazao yao kama watu wa kata nyingine yoyote.

Peters alikuwa kijana Mjerumani wa miaka 28. Yeye na wenzake watatu, Jühlke, Pfeil na Otto, walisafiri kwa siri mpaka Unguja, wakavuka kwenda Saadani, na mwezi wa Novemba 1884 wakaingia bara wakiwa na zawadi, bendera, na karatasi. Tarehe 29 Novemba walikuwa Msowero. Karatasi iliyotiwa alama siku hiyo inamwita Mangungo "Sultani", inasema ameitoa nchi yake yote kwa Peters kwa ajili ya makazi ya Wajerumani milele, na inaitaja biashara hiyo kuwa urafiki wa daima. Mkalimani Ramazani, inasema, alimweleza kila kitu wazi. Na kuna kifungu kimoja ambacho kila nikikisoma nacheka kwanza kabla ya kukasirika: kwamba Mangungo, alipoulizwa, alijibu hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hajui kama yupo mtu kama huyo.

Hebu fikiri. Huyu ni mtu anayeishi siku chache kutoka njia kuu ya misafara, ambapo karibu kila msafara mkubwa hupita na bendera nyekundu ya Zanzibar mbele, ambapo nguo alizovaa, baruti na shanga za wake zake zimepitia Unguja, na askari wa Barghash wamekaa Mamboya, milima ileile. Naye hajui kama Barghash yupo! Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Berlin, ambao walihitaji kuambiwa kwamba nchi hii haina mwenyewe. Mangungo alikuwa anajua anachokijua: mgeni anakuja, mnachanjiana udugu, anakupa nguo na kinywaji, unampa mahali pa kupumzika, na udugu huo una faida siku adui akija. Simtakasi, lakini kumfanya yeye peke yake kuwa jina la upumbavu wa taifa zima naona ni kumwonea. Waliotia alama kwenye karatasi za aina hiyo katika wiki chache zile walikuwa wengi, akiwemo Mwinyi Sagara, tarehe 4 Desemba, katika bonde la Mkondoa lenyewe.

Peters aliteremka pwani akiwa mgonjwa na mkoba umejaa. Nyuma aliwaacha Pfeil na Otto. Otto hakumaliza muda mrefu, akafa. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi barua ya ulinzi kwa nchi hizo: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 140,000 kwa makaratasi kumi na mbili hivi. Barghash akapinga, Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake.

Karatasi hailindi njia. Hilo lilidhihirika mwaka 1888 pwani ilipoasi chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri, na kampuni ya Wajerumani ikafukuzwa karibu kila mahali. Serikali ya Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann, akaajiri mamia ya askari wa Kisudani kule Cairo na wengine kutoka Msumbiji, ambao huku waliitwa Wazulu. Kituo cha kampuni kule Mpwapwa kilikuwa kimeshambuliwa na watu wa Abushiri katikati ya 1889. Mwisho wa mwaka Wissmann akapanda mpaka huko na kujenga boma la mawe. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba. Wajerumani wakadhani njia ya bara sasa ni yao.

Hawakuwa wamemhesabu Mkwawa.

Kusini-magharibi ya Kilosa, ukipanda kupitia Mikumi na bonde la Ruaha, ndiko Uhehe. Mkwawa, yaani Mkwavinyika mwana wa Munyigumba, alikuwa amejenga dola ya vita yenye nidhamu ambayo majirani zake, Wasagara na Wagogo, waliijua kwa gharama kubwa. Vikosi vyake vilikuwa vikishuka mpaka njia ya misafara. Mwaka 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa kwanza wa jeshi la koloni, ambaye watu walimwita Nyundo, aliongoza msafara mkubwa kwenda kumtia adabu. Alichoma vijiji njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, safu yake ndefu ya askari, wapagazi na punda wenye mizinga ilikuwa ikipita kati ya vichaka na mawe. Bunduki ililia mara moja, Wahehe wakainuka kutoka majanini na mikuki. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Zelewski aliuawa, Wazungu kumi kwa jumla, askari zaidi ya 200, na bunduki na mizinga ikachukuliwa.

Basi lile lile la Iringa, likiisha kupanda mlima Kitonga, hupita jirani na mahali hapo. Kuna mnara.

Kuanzia siku ile ramani ilibadilika. Wajerumani waliokuwa wakijiona wanatawala nchi tangu pwani hadi ziwani walijikuta wana mpaka, mpaka wa kweli, na mpaka huo ulipita hapa: Kilosa, na Kisaki upande wa kusini ya milima ya Uluguru, zikageuka vituo vya kuwazuia Wahehe wasiikate njia. Kwa miaka mitatu hivi, jambo kubwa zaidi linaloweza kusemwa juu ya Kilosa ni kwamba hapo ndipo uwezo wa Wajerumani ulipokoma. Hata kukoma kwenyewe hakukuwa na hakika. Oktoba 1892 Wahehe walishuka tena mpaka Kondoa, ileile ya Bloyet, na kuiangamiza kambi ndogo ya Kijerumani iliyokuwapo, kisha wakarudi milimani na ng'ombe na mateka.

Sasa hapa kuna sadfa ambayo sijui mwandishi gani wa riwaya angethubutu kuibuni. Mwaka huohuo wa 1892, huko Ujerumani, serikali iliunda tume ya wasomi, msukumo wake ukitoka kwa mwanahistoria mashuhuri Theodor Mommsen, kuchunguza mpaka wa kale wa Warumi uliopita katika nchi yao. Wasomi wakaanza kupima mitaro, kuhesabu minara, kufukua ngome moja baada ya nyingine na kuandika kwa uangalifu Warumi waliishije kwenye ukingo wa nchi ya Wajerumani wakali wa misituni. Miaka mitano baadaye Kaisari Wilhelm wa Pili akaamuru ngome moja ya Kirumi, Saalburg, karibu na Frankfurt, ijengwe upya juu ya magofu yake. Ukienda leo utaikuta: mraba, mitaro, malango manne.

Na Wajerumani walijua vizuri upande wa pili wa habari hiyo, kwa maana mwaka wa 9 baada ya Kristo babu zao walikuwa wamefanya katika msitu wa Teutoburg jambo lilelile lililofanyika Lugalo. Jenerali wa Kirumi, Varus, alipita na majeshi matatu katika safu ndefu kwenye njia nyembamba, wenyeji wakamngoja, hakurudi mtu wa kuhesabika. Mwaka 1875 Wajerumani walikuwa wamemaliza kumjengea Arminius, aliyemshinda Varus, sanamu kubwa ya shaba juu ya mlima, upanga mkononi. Miaka 16 baadaye, kule Lugalo, Varus alikuwa Mjerumani. Gazeti gani la Berlin lingelisema hilo?

Ngome ya mpakani, iwe ya Kirumi au ya Kilosa, ina maisha yake ambayo hayahusu vita. Vita ni siku chache. Siku nyingine zote ni kuchota maji, kukata kuni, kukarabati paa, kungoja barua, kuumwa homa. Tunajua habari za Warumi kwa sababu kule Vindolanda, kaskazini ya Uingereza, tangu 1973 wachimbaji wamekuwa wakitoa kwenye matope vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino: hesabu za ngano, maombi ya ruhusa, mwaliko wa sherehe ya kuzaliwa. Matope ya Mkondoa hayakutuhifadhia vibao, lakini lugha yetu imehifadhi kitu. Wasudani wa Wissmann walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambalo nalo liliviazima kwa Waturuki, na Wajerumani wakavikubali jinsi vilivyo. Ndivyo Kiswahili kikapata shaushi na ombasha. Mtu aliyezaliwa kando ya Mto Naili alisimama zamu Usagara, akipewa amri za Kijerumani kwa cheo cha Kituruki, akimlinda mfanyabiashara wa Kihindi dhidi ya Mhehe.

Jambo hilo lisitushangaze sana. Mlinzi wa mpaka hutolewa mbali makusudi, asije akawahurumia wenyeji. Kwenye Ukuta wa Hadrian wa Warumi kule Uingereza, ulioanza kujengwa mwaka 122, kulikuwa na wapiga mishale wa Syria, na katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri kutoka Afrika ya Kaskazini kiliwekwa Burgh by Sands, kwenye ukungu na baridi, kuilinda Uingereza isivamiwe na watu wa Scotland. Watu hao walioa. Kule South Shields limepatikana kaburi la mwanamke aitwaye Regina, mwenyeji wa Uingereza aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru na kuolewa na Barates wa Palmyra. Mume ameandika Kilatini kwa ajili ya wapita njia, kisha chini, kwa mwandiko wa kwao, akaongeza neno la msiba ambalo huenda hapakuwa na mtu mwingine pale wa kulisoma. Kuzunguka maboma ya Wajerumani pia kulikua vijiji vya wake wa askari, wengi wao wanawake waliokuwa wametekwa au kuuzwa kwenye njia ya misafara, ambao nyumba ya askari ilikuwa kwao hifadhi, au kifungo kingine, au vyote viwili. Hakuna aliyewachongea jiwe.

Mpaka ulihama ghafla. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliishambulia Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyozungushiwa ukuta, kwa mizinga, akaiteka. Mkwawa alitoroka na kuendelea kupigana msituni. Mwaka 1896 Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, akajenga boma jipya Iringa, na mstari wa mbele ukapanda huko milimani. Kilosa ikabaki nyuma kama zilivyobaki ngome za Ukuta wa Hadrian pale Warumi waliposogea kaskazini kwa muda na kujenga ukuta mwingine. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi kule Mlambalasi asije akakamatwa. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu kizima, cha 246, kinachodai fuvu lirudishwe. Lilirudi 1954, gavana Mwingereza Edward Twining akalikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, na sasa liko Kalenga.

Boma la mpakani likikosa mpaka hugeuka kuelekea ndani. Kodi ya nyumba, kazi ya lazima, kesi, viboko. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka kutoka Matumbi, moto ulipanda mpaka kwa Wavidunda na Wasagara, watu wa milima ya hapahapa ambao ngome ilisemekana kuwalinda. Ulizimwa kama ulivyozimwa kwingine, kwa bunduki na njaa.

Kisha reli. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na wahandisi walipotafuta jinsi ya kuupita ukuta wa Usagara hawakugundua kitu kipya: waliingia Kilosa na kulifuata bonde la Mkondoa, walipopita wapagazi. Tabora ilifikiwa 1912, Kigoma 1914. Ukipanda treni ya zamani utasoma kwenye moja ya stesheni za bondeni jina Munisagara. Ni yuleyule Mwinyi Sagara wa karatasi ya Desemba 1884. Nchi ilichukuliwa, jina likabaki kwenye ubao wa stesheni.

Mto haukukubali jambo hili moja kwa moja. Karibu kila masika nzito Mkondoa hula tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalibomoa kingo, yakaingia mjini Kilosa, yakawaacha maelfu bila nyumba na kukata usafiri wa treni. Reli mpya ya kisasa, inayobeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, imeamua kupitia kwenye mahandaki ndani ya milima.

Ukienda Kilosa kutafuta magofu kama ya Saalburg utasumbuka bure. Maboma ya wenyeji yalikuwa ya miti, udongo na uzio wa minyaa; mchwa na mvua huvimaliza vitu hivyo katika kizazi kimoja. Anayejua kutazama hutazama miti. Miembe mikubwa iliyosimama mahali pasipo na nyumba, hasa ikiwa imejipanga, mara nyingi huonyesha walipopumzika watu wa misafara waliokula embe na kutupa kokwa. Minyaa iliyozeeka na kugeuka miti ikizunguka kitu ambacho hakipo tena ni ukuta. Kigae, ushanga mmoja wa buluu, jembe linapofukua. Wakulima huyaona zaidi kuliko wasomi.

Wajerumani waliondoka Kilosa bila kuzingirwa. Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yakisukuma kutoka kaskazini. Kikosi cha van Deventer, Makaburu wengi wao, kilishuka kupitia Mpwapwa kwa bonde lilelile na kuingia mjini tarehe 22, siku nne kabla ya Morogoro kuanguka. Wenye nyumba wapya wakatafuta ofisi, na wenyeji hawakuwa na haja ya kutafuta neno jipya. Wapo wanaodai siku hizi kwamba "boma" ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Neno hilo Stanley alilikuta kwenye vinywa vya wapagazi wake, likiwa na maana ya uzio wa miiba unaozungushwa kambini jua likizama, simba asiingie. Baadaye likawa ukuta wa Mjerumani, kisha ofisi ya Mwingereza, kisha ya Mkuu wa Wilaya. Mzee wa Kilosa mwenye shauri la shamba anavaa kanzu yake safi asubuhi, anachukua bahasha ya karatasi zake, na jirani akimuuliza safari ya wapi, anajibu kama baba yake alivyojibu na babu yake kabla yake:

"Bomani."